Ukatili wa Kingono Shuleni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wazazi huuliza kikao kikishaisha na wengine wameshatoka. Mengine ni ya wanafunzi, wanaoyaandika kwenye vikaratasi visivyo na jina. Nimeyajibu nikiwa na msimamo mmoja ambao ni vyema msomaji aujue mapema: linapotokea la kutokea, mtoto hulindwa kwanza. Jina la shule linasubiri.

Ukatili wa kingono ni nini hasa? Je, maneno tu nayo yanahesabika?

Yanahesabika. Vipo vitendo ambavyo hakuna anayevibishia: kubaka, kulawiti, kumshika mtoto sehemu za siri au kumlazimisha ashike za mwingine. Lakini unyanyasaji huanza mapema zaidi ya hapo. Kumtolea mwanafunzi maneno juu ya matiti au makalio yake, kumpigia miluzi kila anapopita, kumfunua sketi, kumchungulia akioga, kumwonyesha picha za ngono, kueneza uvumi kwamba ameshalala na fulani, yote hayo yamo. Mwalimu anayetaka ngono ili atoe alama, cheo cha kiranja au nafuu ya adhabu anadai rushwa ya ngono, hata kama mwanafunzi alikataa na hakuguswa hata kidole.

"Nilikuwa natania" si utetezi. Kinachoangaliwa ni kama jambo lile lilitakiwa na aliyefanyiwa, na limemwacha katika hali gani. Mwanafunzi anayezunguka jengo zima ili asipite mbele ya kundi fulani la wavulana ameshanyimwa sehemu ya shule yake.

Na kama mwanafunzi alikubali mwenyewe?

Kwa mtu mzima mwenye mamlaka juu yake, swali hili halina nafasi. Mwalimu, mlinzi, dereva wa basi la shule, kocha, mlezi wa bweni: hakuna hata mmoja wao anayeweza kusema mtoto aliridhia. Yeye ndiye mwenye funguo, alama na fimbo, na mtoto anajua hivyo.

Kati ya wanafunzi wenyewe, sheria za nchi hutofautiana kuhusu umri, ila maana ya ridhaa haibadiliki. Ridhaa hutolewa kwa hiari, na mtu anaweza kuiondoa wakati wowote. Aliyelewa au aliyelala hawezi kuitoa. Tena kunyamaza si kukubali. Watu wengi wanaposhambuliwa mwili hukakamaa na sauti hukauka. Hawapigi kelele wala hawakimbii, na hilo haliko ndani ya uwezo wao. Kwa hiyo maswali kama "mbona hukupiga kelele?" hayasaidii uchunguzi wowote. Yanamfundisha mtoto tu kwamba safari ijayo asiseme.

Shule yetu haijawahi kupokea lalamiko hata moja. Je, tuko salama?

Pengine hakuna anayewaamini vya kutosha kuwaambia. Mwaka 2021 wakaguzi wa elimu wa Uingereza, Ofsted, walitembelea shule na vyuo 32 na kuzungumza na zaidi ya wanafunzi 900. Karibu wasichana 9 kati ya 10 walisema kwamba kuitwa majina ya kudhalilisha na kutumiwa picha au video za ngono wasizozitaka ni mambo yanayowatokea wao au wenzao, sana au wakati mwingine. Wengi hawakuona maana ya kuripoti, kwa sababu walishayachukulia kuwa ya kawaida. Ushauri waliopewa wakuu wa shule ulikuwa wazi: fanyeni kazi mkichukulia kwamba unyanyasaji upo, hata pasipo na taarifa yoyote.

Ukubwa wa tatizo duniani unaufanya ushauri huo uwe wa busara. UNICEF ilikadiria mwaka 2024 kwamba zaidi ya wasichana na wanawake milioni 370 walio hai leo walibakwa au kushambuliwa kingono kabla hawajafikisha miaka 18, yaani 1 kati ya 8. Kwa wavulana na wanaume makadirio ni kati ya milioni 240 na 310, karibu 1 kati ya 11. Watu hawa wote walikuwa watoto, na wengi wao walikuwa na darasa na mwalimu.

Mtu anayewinda watoto hufanyaje? Tutamtambuaje?

Mara nyingi ni mtu anayefahamika na kupendwa. Huchagua mtoto mwenye pengo: anayekosa ada, asiye na mzazi karibu, mwenye ulemavu unaomzuia kujieleza, au mpweke tu. Humpa zawadi, humsifia, humsaidia masomo bila malipo, na wakati huohuo hujipendekeza kwa wazazi hadi wamwone mfadhili. Kisha hutafuta nafasi za kuwa naye peke yake, humpa siri ndogondogo za kutunza, humgusa kidogo kana kwamba ni bahati mbaya aone kama atasema. Mtoto asiposema, hatua inayofuata huwa kubwa zaidi. Baadaye humtisha, au humwambia kwamba wote wawili wana hatia.

Kwa sababu hiyo usimtafute mtu mwenye sura mbaya. Angalia mienendo. Mtu mzima anayemwandikia mwanafunzi mmoja ujumbe usiku, anayemwita nyumbani kwake kufua au kubeba madaftari, anayependa kubaki naye ofisini mlango umefungwa, aambiwe aache hata kama hakuna ushahidi wa kosa lolote. Asiye na nia mbaya hatadhurika kwa kuambiwa hivyo.

Shule inayojitahidi kuzuia inafanya nini hasa?

Inaanzia kwenye ajira. Kabla ya kumpokea mtumishi, iwe mwalimu au mpishi, inaulizia alikotoka na kwa nini aliondoka, na inazungumza na mwajiri wake wa zamani kwa mdomo, haitosheki na barua ya sifa. Mahali ambapo sheria inaruhusu kukagua rekodi ya makosa ya jinai, inakagua. Kila mtumishi anasaini kanuni za maadili zinazotaja mambo kwa majina yake: hakuna masomo ya ziada ya mtu mmoja chumbani, hakuna mawasiliano ya siri ya simu na mwanafunzi, hakuna mwanafunzi kutumwa nyumbani kwa mwalimu, hakuna safari ya shule yenye mtu mzima mmoja peke yake. Kanuni inayosema tu "watumishi wawe na maadili mema" haimbani mtu.

Halafu inatazama majengo. Waulize wanafunzi wachore ramani ya shule na kuweka alama wanapoogopa. Utashangaa jinsi alama zinavyorundikana sehemu zilezile: njia ya chooni, nyuma ya stoo, ngazi zisizo na taa, bweni saa za jioni. Komeo la ndani kwenye mlango wa choo, taa moja, kioo kwenye mlango wa ofisi na zamu ya walimu iliyopangwa kwa ramani hiyo vinaweza kuzuia mengi kuliko hotuba. Vyoo vya wasichana na wavulana vitenganishwe, na bweni liwe na mtu mzima aliye macho na anayewajibika kwa jina.

Inafundisha pia, kulingana na umri. Mtoto mdogo ajue majina halisi ya viungo vyake, ajue kwamba mwili ni wake, na kwamba siri inayomfanya aogope haifai kutunzwa. Vijana wazungumze juu ya ridhaa, wivu, picha za simu na namna ya kuingilia kati wanapomwona mwenzao akisumbuliwa. Somo hili lifundishwe muhula hadi muhula. Mkutano mmoja wa mwaka wenye mgeni na maturubai haubadilishi kitu.

Na inaweka njia za kuripoti zaidi ya moja. Sanduku la maoni linafaa, lakini lisiwe mbele ya ofisi ambako kila anayelikaribia anaonekana, na ufunguo wake usiwe kwa mtu mmoja. Wateuliwe angalau watu wazima wawili wa kupokea taarifa, mmoja wao mwanamke, majina yao yabandikwe mahali pa wazi. Njia ya tatu iende nje ya shule kabisa, kwa sababu huenda anayelalamikiwa ni mkuu mwenyewe.

Mimi ni mwalimu. Mwanafunzi amenieleza sasa hivi. Nifanye nini?

Kaa. Sikiliza kuliko unavyosema. Mtoto aliyefika hapo amekuwa akikupima kwa muda mrefu kabla ya kufungua mdomo, na uso wako unampa jibu kabla ya maneno yako. Ukishtuka kupita kiasi au ukilia, ataanza kukuhurumia wewe na atapunguza habari.

Mwambie mambo machache yaliyo kweli: "Asante kwa kuniambia. Si kosa lako. Itabidi nimweleze mtu atakayetusaidia, na nitakwambia ni nani kabla sijaenda kwake." Usiahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa kuwa ahadi hiyo huwezi kuitimiza, na ukiivunja umempoteza. Uliza yale tu yanayohitajika ili ujue kama yuko salama leo: nani, lini, ana maumivu, yuko wapi mtu huyo sasa. Tumia maswali yasiyo na jibu ndani yake. "Halafu ikawaje?" ni swali zuri. "Alikushika kifua, sivyo?" ni swali baya, kwani linaweza kuharibu ushahidi baadaye.

Akimaliza, andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa, bila kuyasafisha. Kisha mpelekee taarifa mteuliwa wa shule siku hiyohiyo. Katika nchi nyingi sheria inamtaka mwalimu aripoti kwa polisi au ustawi wa jamii hata anaposhuku tu, na kumwambia mkuu wa shule hakumwondolei wajibu huo. Usimwite mtuhumiwa kumuuliza, wala usiwakutanishe wawili hao "waelewane". Usimsimulie mwenzako katika chumba cha walimu pia.

Hospitali au polisi kwanza?

Kama kulikuwa na shambulio la mwili ndani ya siku chache zilizopita, hospitali, na haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ziitwazo PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Hutumiwa kwa siku 28. Kinga ya dharura ya mimba inaweza kutolewa hadi siku 5, lakini nayo hufanya kazi vizuri zaidi mapema. Kuna pia tiba ya magonjwa mengine ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na matibabu ya majeraha.

Ikiwezekana mtoto asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na unyevu huharibu ushahidi. Akiwa ameshaoga, aende hivyohivyo. Ushahidi si sababu pekee ya kumwona daktari.

Jambo moja wazazi hulielewa vibaya: daktari kutoona jeraha hakumaanishi kwamba hakuna kilichotokea. Uchunguzi wa watoto wengi waliofanyiwa ukatili huwa hauna alama yoyote. Na kile kinachoitwa kipimo cha bikira hakina msingi wa kisayansi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka kikomeshwe kila mahali. Shule isimpeleke msichana yeyote kupimwa hivyo.

Je, shule inaweza kulichunguza na kulimaliza yenyewe, hasa kama familia zimekubaliana?

Hapana. Kosa la jinai halimalizwi kwa kikao, fidia, mbuzi wala kiapo, na ndoa kati ya mtoto na aliyembaka ni ukatili mwingine juu ya ule wa kwanza. Shule inao uchunguzi wake wa nidhamu, unaojibu swali moja: je, mtu huyu amevunja kanuni zetu, na anafaa kuendelea kuwa hapa? Polisi wanajibu swali jingine. Viwili hivi vinaweza kwenda pamoja, ila shule isiwahoji mashahidi kwa namna itakayowavuruga kabla polisi hawajafika.

Najua shinikizo linavyokuwa. Mitihani imekaribia, wafadhili wanakuja, mzazi wa mtuhumiwa ana jina kubwa, na mtu mmoja kwenye meza anasema funika kombe mwanaharamu apite. Chini ya kombe lile kuna mtoto, na kwa kawaida si mmoja.

Mtuhumiwa akiwa mwalimu, hatua ya kwanza ni ipi?

Aondolewe mara moja kwenye nafasi ya kukutana na wanafunzi wakati uchunguzi ukiendelea, bila kutangazwa kuwa na hatia. Hatua hiyo si adhabu. Kinachoumiza watoto wengi ni ile njia nyepesi ya kumhamisha kimyakimya, au kumwacha ajiuzulu na kumwandikia barua nzuri. Shule inayofanya hivyo imempelekea mwenzake hatari kwa mkono wake yenyewe. Mwajiri na mamlaka inayosajili walimu wapewe taarifa kwa maandishi, hata akiwa ameshaondoka.

Mwaka 2020 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitoa hukumu dhidi ya Ecuador katika shauri la Paola Guzmán Albarracín. Makamu mkuu wa shule yake alianza kumnyanyasa kingono akiwa na miaka 14, akimnasa kwa ahadi ya kumvusha darasa. Mwaka 2002, akiwa na miaka 16, Paola alijiua. Watumishi wengine wa shule walijua, na walivumilia. Mahakama iliiwajibisha serikali, na ilichukua karibu miaka 18 kwa mama yake kusikia maneno hayo.

Na akiwa mwanafunzi mwenzake?

Hapo shule ina watoto wawili mikononi mwake, na wote wana haki ya elimu na ya kusikilizwa. Lakini atakayehama dawati, zamu, bweni au mkondo asiwe yule aliyelalamika. Mara nyingi huwa ni yeye, kwa sababu ndivyo ilivyo rahisi. Katika shauri la Davis dhidi ya bodi ya elimu ya wilaya ya Monroe, Marekani, msichana wa darasa la tano alisumbuliwa kingono na jirani yake wa dawati kwa miezi, na ilipita zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuruhusiwa hata kubadilisha kiti. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba shule inayopokea fedha za serikali kuu inaweza kuwajibishwa ikijua unyanyasaji mzito kati ya wanafunzi na ikaupuuza kwa makusudi.

Mtoto aliyemdhuru mwenzake naye anahitaji msaada, na inafaa kuulizwa kwa upole alikojifunzia. Baadhi yao wamewahi kufanyiwa hayohayo. Hilo halifuti alichofanya.

Vipi kama mtoto anasingizia?

Hutokea, ila ni nadra kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo maana kuna uchunguzi. Kumwamini mtoto anapoeleza hakumaanishi kumhukumu mtuhumiwa siku hiyo. Kunamaanisha kuichukua habari yake kuwa nzito na kuifuatilia kwa haki. Kuchanganya tarehe, kuacha sehemu ya habari au kubadilisha kauli baada ya kutishwa ni mambo ya kawaida kwa mtu aliyeumizwa. Pia hakuna kanuni nzuri inayomwadhibu mtoto kwa sababu tu lalamiko lake halikuthibitika.

Mbona mnaongelea wasichana tu? Wavulana je?

Wavulana hufanyiwa ukatili, na husema kwa shida zaidi. Huogopa kuitwa majina, huogopa kwamba watu watahoji uanaume wao, na wengine huchanganyikiwa kwa sababu mwili uliitikia. Mwili kuitikia si ridhaa. "Mila" za kuwakaribisha wageni bwenini kwa kuwavua nguo au kuwashika sehemu za siri ni ukatili wa kingono, na shule iziite hivyo.

Picha za utupu za mwanafunzi zimesambaa. Tufanyeje?

Usizitume mbele, hata kwa nia ya "kumwonyesha mkuu". Picha ya ngono ya mtoto ni kosa kuisambaza, na kila anayeipokea ni jeraha jipya. Andika ni akaunti gani, saa ngapi, nani alituma, kisha toa taarifa kwa polisi na kwa mtandao wenyewe ziondolewe. Kama mtoto anatishwa kwamba picha zitatolewa asipotuma pesa au picha nyingine, asitume chochote, asifute mazungumzo, na asiachwe peke yake usiku huo. Watoto katika hali hii wamewahi kujidhuru. Usianze kwa kumgombeza kwa nini alipiga picha.

Mtoto akirudi darasani, shule ifanye nini?

Imuulize yeye. Mmoja atataka kukaa karibu na mlango, mwingine hataki kuonekana tofauti hata kidogo. Alama zinaweza kushuka, anaweza kusinzia, kukasirika bila sababu au kukojoa kitandani. Apewe muda wa mitihani, mtu mmoja wa kumwendea, na ushauri nasaha kwa miezi, maana wiki mbili hazitoshi. Akipata mimba, nafasi yake shuleni ilindwe. Na mwalimu wa darasa awe macho na kulipiza kisasi: kutengwa, vijembe, nyimbo, kunyimwa alama. Kisasi ni kosa linalojitegemea na lishughulikiwe hivyo.

Tumeripoti, na shule imekaa kimya. Sasa je?

Rudini na maandishi. Barua yenye tarehe, inayosema mliripoti lini, kwa nani, na mlijibiwa nini, na nakala mbaki nayo. Ipelekwe bodi ya shule na ofisi ya elimu inayoisimamia. Lakini polisi, ustawi wa jamii na huduma ya simu ya watoto hamhitaji ruhusa ya shule kuwaendea. Mnaweza kwenda leo.

Mimi ni mwanafunzi. Ilinitokea muda mrefu uliopita na sijamwambia mtu. Nimechelewa?

Hujachelewa. Dawa fulani zina saa zake, lakini kusikilizwa, kutibiwa na kupata ushauri havina. Katika nchi nyingi unaweza kushtaki hata baada ya miaka. Mtafute mtu mzima mmoja. Ukishindwa kusema, andika sentensi moja kwenye karatasi umpe. Akikupuuza au akikulaumu, kosa ni lake, na umwendee wa pili, na wa tatu.